Ordinateri ya Salima Haifutwi

"Tunafomata," fundi Moses alisema. "Njia ingine haiko, mama. Tunafuta yote, tunaanza upya."

Salima alivuta ordinateri, ile kompyuta yake, kutoka kwa meza, akaiweka kwenye mapaja, akaifunika na mtandio wake kama mtu anayekinga mtoto na mvua. Moses akabaki amesimama na fleshi mkononi, hajui pa kuichomeka.

"Mama Kadidja," mume wake Houssein akasema, "mwache kijana afanye kazi."

"Kazi gani? We hukusikia? Anasema anafuta."

"Kufuta ndiyo kutengeneza, mama," Moses akasema. "Gitega nzima tunafanya hivyo."

Na hakuwa anadanganya. Gitega nzima, ordinateri ikiwa nzito, dawa ni kufomata. Ikishikwa na virusi, kufomata. Mtoto akisahau neno la siri, kufomata. Unaipeleka kwa fundi, inarudi safi kama sahani iliyooshwa, na tupu kama hiyo hiyo sahani.

Shida ilianza siku umeme ulikatika. Ordinateri ilikuwa inajibadilisha yenyewe, inajiongezea vitu vipya, imefika katikati, na betri yake ilishakufa zamani. Umeme ukaenda. Uliporudi, ordinateri ikafunguka, ndiyo, mais ilikuwa kama mtu ametoka kwa malaria: unamwita, anakuangalia, hajibu. Na kibaya zaidi, ilikuwa imesahau mashini ya kudarizi. Waya ni ule ule, mashini ni ile ile, lakini kila Salima akiziunganisha, ordinateri inaandika kwamba kitu hicho haikijui.

Na kwenye kitanda cha Kadidja, binti yao, lilikuwa limelala rundo la makanzu meupe. Kwaya Mwangaza ya Butihinda, kule Muyinga, ilikuwa inangoja makanzu hayo kwa sikukuu yao ya Jumapili. Houssein alikuwa ameshayakata na kuyashona yote. Kilichobaki ni kifua: taa ya kwaya, na miale yake ya dhahabu. Hiyo ilikuwa kazi ya Salima. Mafundi wa kushona mtaani kwao Nyamugari ni wengi, unawapata kila kona. Wa kudarizi kwa ordinateri alikuwa Salima peke yake.

"Moses," Kadidja akasema, "ukifuta, programu ya kudarizi itarudi?"

Moses akakuna shingo. "Iko na CD yake? Kodi, zile namba za kuifungua?"

"Aliyetuuzia mashini ya kudarizi alifunga duka kule Bujumbura, akahama. Simu haipiti."

"Bon. Donc haitarudi." Aliisema kwa sauti ndogo, maana alikuwa kijana mwenye roho nzuri. "Mashini itabaki chuma."

"Na hata ikirudi," Kadidja akasema, "mama hataijua. Programu imeandikwa Kifaransa, na mama hasomi Kifaransa. Mama anasoma mahali."

"Anasoma nini?"

"Mahali. Angalia."

Kadidja akafungua mtandio kidogo, akamwonyesha. Vitu vyote kwenye ile programu Salima alikuwa amevihamisha. Uzi wa popelini aliuweka juu kona ya kushoto, kwa sababu huko mkono wake unaenda wenyewe. Mwendo wa kitambaa kizito uko chini yake. Mvutano wa uzi wa dhahabu, ule unaokatika ovyo, aliutafuta miezi na miezi, akaupata, akaufungia pembeni peke yake. Neno hata moja hakulijua. Alijua tu: hapa, halafu hapa, halafu pale. Akili yake yote ya kazi ilikuwa imelala mle ndani, imepangwa kama vyombo vya jikoni kwake.

Moses aliangalia kitambo. Akakaa chini.

"Iko njia ingine," akasema. "Sijaifanya mara nyingi. Watu hawaitaki, inachukua muda mrefu. Unaweka Windows mpya juu ya ile ile ya zamani bila kufuta. Programu zinabaki, mipango ya mama inabaki. Ni kama kubadilisha mabati watu wakiwa ndani, vitanda havitoki."

"Si ungesema hiyo mwanzo!" Salima akasema, akamrudishia ordinateri.

"Mais lazima nianzie ndani, ikiwa macho. Nikiizima nikaanzia kwenye fleshi, itanipa kufuta tu."

Akachomeka fleshi. Wote wanne wakainama juu ya kioo. Ukurasa ukafunguka, na mistari mitatu. Wa kwanza: weka vyote, faili na programu. Wa pili: weka faili tu. Wa tatu: usiweke kitu. Moses akapeleka mshale kwa ule wa kwanza, akabonyeza. Haukushika. Akabonyeza tena. Ule mstari ulikuwa wa kijivu, umefifia kama nguo iliyochakaa. Ya pili na ya tatu ilikuwa myeusi, inangoja.

"Inakataa," Moses akasema.

"Inakataa nini?"

"Kuweka programu. Na sijui kwa nini. Ordinateri ni ya Kifaransa, Windows niliyoleta ni ya Kifaransa, aina ni ile ile. Vyote viko sawa, mais inakataa."

Kadidja akatoa simu, akaupiga picha ule ukurasa. Na hapo ndipo Mahmudu, jirani wao, naye fundi wa kushona, alipotia kichwa mlangoni bila hodi, kama kawaida yake.

"Salaam aleikum. Nasikia mzungu wa Ubelgiji anaumwa?"

Houssein akajifanya hajasikia. Hilo la Ubelgiji alilitangaza yeye mwenyewe. Siku alinunua ordinateri, alizunguka nayo Nyamugari akisema si ya Dubai, si ya magendo, imetoka Ubelgiji moja kwa moja, hata inaongea Kifaransa. Wateja walipoleta nguo, alikuwa anawaonyesha ordinateri kwanza, Salima baadaye.

"Mkishindwa," Mahmudu akaendelea, "nileteeni hayo makanzu. Mi nina mashini ya mguu. Taa nitawashonea kwa mkono, haitakuwa na miale yote, mais Mungu wao ataelewa."

*

Mchana wa kesho yake Houssein alisema kile ambacho Salima alikuwa anangoja akiseme.

"Tumpe Mahmudu. Nusu yake tu."

Salima alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. "Taa ya Mahmudu umeshaiona?"

"Si mbaya."

"Baba Kadidja. Alishona ndege kwa shati la mtoto wa Bahati, mtoto akaulizwa shuleni kama ni kiatu."

Kadidja akacheka, akaziba mdomo. Houssein naye kidogo acheke, akajizuia.

"Sasa nifanye nini? Wale watu walinipa avansi, nikanunua kitambaa. Jumapili wageni wanakuja. Niwapigie simu niseme nini? Nimeshindwa?"

"Usipige simu. Nenda."

"Butihinda?"

"Butihinda. Mtu unamwambia uso kwa uso. Na ubebe ordinateri. Si Josephat aliyekuuzia? Si mke wake ndiye mkubwa wa kwaya? Aliyeiuza anajua ilizaliwaje. Moses hajui, mi sijui, we hujui. Yeye atajua."

Houssein hakupenda. Kwenda kwa mtu uliyemlipa bei ya Ulaya, na kumwambia mali yake imekufa kwako, na nguo za mke wake pia zimekufa, vraiment, ni aibu mara mbili kwa safari moja. Mais Salima alishaondoka na mchele wake. Akarudi na ile ordinateri imefungwa kwenye kitenge, fundo mbili.

"Kadidja aende na wewe," akasema. "Na mtu yeyote asiifomate. Na asifute kitu. Akitaka kufuta, mwambie kwanza aje anifute mimi."

*

Kutoka Muyinga mjini walipanda moto, zile pikipiki za abiria, baba yake moja, binti yake moja, hadi kwa Josephat. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mbele migomba, na mihogo imeanikwa. Josephat na Paskazia wote wawili walikulia Tanzania, upande wa Kasulu, wakarudi Burundi wakiwa watu wazima. Ukiwasikia wakiongea unadhani umewasha redio ya Dar es Salaam.

"Karibuni sana, karibuni!" Paskazia akatoka na mikono yenye unga. "Mzee Houssein! Na binti umemleta! Makanzu yako wapi, yanakuja na gari?"

Houssein akameza mate. "Tukae kwanza, mama."

Paskazia alikuwa mama wa kusoma nyuso. Akakaa, unga wake mikononi.

Houssein alisema yote. Hakupunguza kitu. Umeme, mashini kusahau, taa ambazo hazijashonwa. Alipomaliza, Paskazia akapangusa unga mikononi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimeshamtangazia kila mtu. Kwaya za parokia zote zinakuja. Tulipotoka Tanzania tuliimba miaka mingi tukiwa tumevaa kila mtu na lake, mmoja shati la mpira, mwingine koti la marehemu. Walikuwa wanatuita kwaya ya viraka. Mbele ya watu! Hii ndiyo mara yetu ya kwanza kuvaa sawa. Sasa tusimame na makanzu meupe matupu, kama wagonjwa?"

Houssein akaangalia viatu vyake.

Josephat alikuwa amekaa pembeni. Mtu mrefu, mpole, anayefundisha watoto hesabu shuleni na kulima jioni. Akafungua kitenge taratibu, akaiwasha kompyuta kwa umeme wa sola. Akaitazama inavyoamka kwa shida.

"Fundi wenu amejaribu nini?" akauliza.

Kadidja akatoa simu, akamwonyesha picha. "Alitaka kuweka Windows juu ya ingine, ili asifute. Hii hapa. Ule mstari wa kuweka vyote umekufa, haubonyezeki. Na vyote viko sawa. Ordinateri ya Kifaransa, fleshi ya Kifaransa."

Josephat akaangalia picha. Akaikuza kwa vidole. Akairudisha simu. Akanyanyuka, akaenda kuweka sawa kiti ambacho hakikuwa na shida.

"Baba," Paskazia akasema, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Josephat! Si umwambie!"

"Paskazia, ngoja kwanza..."

"Basi nitamwambia mimi." Akamgeukia Houssein. "Hiyo kompyuta si ya Ubelgiji, mzee wangu. Hiyo ni ya Kasulu. Alikuwa nayo kwenye kibanda chake cha kutoa picha, sokoni. Imezaliwa na Kiingereza. Tulipofika huku akaipeleka Gitega kuiuza, watu wakiifungua wakiona Kiingereza wanaondoka. Ndipo akaivalisha Kifaransa. Juu tu! Ndani ni Kiingereza mpaka kesho."

Kadidja alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ndiyo maana!" akapiga kelele. "Papa, ndiyo maana!" Na akatoka mbio na simu kutafuta mahali penye réseau, akaonekana akiruka ruka kule kwenye mihogo, mkono mmoja juu.

Ndani, Houssein hakuwa amejongea.

"Uliniambia Ubelgiji," akasema.

"Nilisema," Josephat akajibu.

"Mi nimesema Ubelgiji kwa harusi. Nimesema kwa matanga! Imamu mwenyewe nilimwambia. Na we ulikuwa unajua?"

"Nilikuuzia kompyuta nzima, mzee. Haikuwa na ugonjwa hata mmoja. Uongo ulikuwa nguo tu niliyoivalisha." Josephat akakaa mbele yake, magoti karibu na magoti. "Niliporudi mimi mwenyewe, nikifungua mdomo watu wanacheka. Wanasema huyu Kirundi chake ni cha wapi. Kazi sikupata mpaka nilipojifunza bonjour na comment ça va. Nikaona watu wa huku wanataka Kifaransa. Nikaipa kompyuta nayo."

"Na yeye mpaka leo akiota ndoto," Paskazia akasema, "anaota Kiswahili cha Kasulu. Namsikia."

Houssein alitaka kukasirika. Alijiandaa kabisa, akashika magoti, akavuta pumzi. Mais Paskazia akamkata.

"Halafu, mzee wangu, nikuulize kitu. Ile taa ya mfano mliyotutumia, ile tuliyoikubali, watu wakalia machozi. Ni Ubelgiji iliyoshona?"

Houssein akatoa ile pumzi, taratibu.

"Hapana," akasema. "Ni mama Kadidja."

Kadidja akarudi anahema. "Moses anasema yoo, yoo, yoo! Anasema angekufa asilijue hilo. Ukiweka lugha ingine tofauti na ile iliyozaliwa nayo, haikubali kukuwekea programu. Lazima Kiingereza, na aina ile ile. Anaanza kuishusha kwenye intaneti sasa hivi. Papa, twende!"

"Mle kwanza," Paskazia akasema.

"Mama, hatuna muda..."

"Nani kakuuliza? Utakula." Akawaletea ugali na maharage, na Josephat akaenda kuita moto.

*

Moses aliwangoja mlangoni na fleshi mpya, amefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Lakini Salima hakumruhusu kuingia bado.

"Kazi hiyo ni ya muda gani?"

"Mrefu, mama. Na inazima na kuwaka yenyewe mara nyingi."

"Na umeme ukienda katikati?"

Wote waliangalia ile balbu ya sebuleni, inavyotetemeka.

"Basi inakufa kabisa," Moses akasema.

Nyamugari yote, mwenye batri kubwa ya sola na kifaa cha kugeuza umeme alikuwa mtu moja. Alichajia watu simu nayo. Houssein akaanza kuvaa viatu kama mtu anaenda kung'olewa jino, mais Salima alishatoka.

Mahmudu alikuwa kwa cherehani yake, ameweka mguu juu ya kibao.

"Mama Kadidja! Umeniletea makanzu?"

"Nimekuja kuomba batri yako. Hadi jioni."

"Aaa!" Akacheka, akatazama wateja wake waliokuwa wamekaa kwenye benchi ili nao wacheke. "Kumbe ya Ubelgiji haikuja na umeme wake?"

"Si ya Ubelgiji," Salima akasema. "Ni ya Kasulu, Tanzania, sokoni, kwenye kibanda cha picha. Tulidanganywa. Na kabla haijaugua ilikuwa inadarizi kuliko wewe. Leta batri."

Mtu moja kwenye benchi akasema "Mama we!" Mahmudu alibaki na mdomo wazi. Alikuwa ameandaa maneno mengine, mazuri mazuri, na sasa hayakuwa na pa kukaa. Ukimcheka mtu kwa siri yake, na yeye akaitoa mwenyewe barabarani, unacheka nini?

Akashusha mguu. "Ni nzito," akasema. "Wewe hutaiweza." Na akaibeba mwenyewe, kifuani, mtaa mzima ukiona.

Hapo kazi ikaanza. Moses akachomeka fleshi. Ule ukurasa ukafunguka, mistari ile mitatu, na wa kwanza ulikuwa mweusi. Mweusi ti! Akaubonyeza, ukashika. Kadidja akapiga kigelegele, Salima akamwambia anyamaze, mtu hashangilii nyama iko bado sokoni.

Ikahesabu. Polepole, kama mzee anapanda mlima. Kadidja hakukaa chini. Moses hakuenda kula. Mahmudu naye hakurudi kwake, alisema analinda batri. Houssein alienda msikitini kuswali alasiri, akarudi, akakuta namba imesogea kidogo tu. Na kweli, umeme ukaenda. Feni ya jirani ikanyamaza, redio ya nyumba ya chini ikanyamaza. Ordinateri haikusikia kitu. Mahmudu akagonga batri yake kwa kiganja, "Eeh! Mmeona?" na hakuna aliyemkatalia sifa hiyo.

Mara ya kwanza ikazima, ikawaka. Mara ya pili ikazima, na kioo kikabaki cheusi, cheusi, cheusi, hadi Moses akaanza kujifuta jasho na mkono wa shati. Salima alikuwa amegeuka ukutani, anakunja makanzu ambayo yalishakunjwa.

Kioo kikawaka.

"Welcome," Kadidja akasoma.

Houssein akasogea, akaangalia maneno. Yote Kiingereza. Juu Kiingereza, chini Kiingereza. Kifaransa kilikuwa kimeondoka kama rangi ya nguo ya bei rahisi. Akashika kichwa.

"Mama yangu. Sasa Mama Kadidja atafanya nini? Kiingereza hajui hata neno moja! Moses, rudisha Kifaransa, rudisha haraka..."

Salima akaja kutoka ukutani. Akamsukuma mume wake kidogo na kiuno, akakaa.

"We ulifikiri nilikuwa najua Kifaransa?"

Moses alikuwa wa kwanza kucheka, halafu Mahmudu, halafu nyumba nzima. Salima hakucheka. Alikuwa ameshafungua programu yake. Programu nayo haikuwa imebadilika hata kidogo, wala lugha, wala rangi. Mkono wake ukaenda juu kona ya kushoto: popelini. Iko. Ukashuka: kitambaa kizito. Iko. Ukaenda pembeni, kule peke yake, mahali pa uzi wa dhahabu, na hapo mkono ukasimama kidogo, kama mtu anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe usiku akiogopa hautafunguliwa. Akabonyeza.

Iko.

"Waya," akasema.

Kadidja akampa waya. Salima akauchomeka. Ordinateri ikafikiri. Halafu mashini ya kudarizi, kule kwenye meza yake, ikatoa ule mlio wake mdogo wa kuamka, na sindano zikajipanga.

"Kanzu," Salima akasema, mkono nyuma, bila kugeuka. Houssein ndiye aliyempa. Aliinyoosha kwenye fremu mwenyewe, akaibana vizuri, akatoa vidole vyake. Salima akabonyeza, sindano ikashuka, na mwale wa kwanza wa dhahabu ukaanza kutoka kwenye kitambaa cheupe, kijisehemu kwa kijisehemu.

Mahmudu, ambaye maisha yake yote alishona kwa mguu, alisogeza kiti akakaa karibu na kuangalia, mdomo umefungwa.

*

Jumapili, kule Butihinda, Kwaya Mwangaza ilitoka kwenye mlango wa sakristia mstari mmoja mmoja, Paskazia mbele. Watu walikuwa wanaongea, wakanyamaza. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na kila kifua kikawa na taa yake. Wale waliokuwa wanawaita kwaya ya viraka walikaa kwenye benchi za nyuma, na wao ndio walianza kupiga makofi.

Salima alikuwa amekaa pale nyuma pia, kwenye benchi ya wageni, na mtandio wake, na Houssein, na Kadidja aliyekuwa anarekodi na simu kila kitu mpaka mapaa. Alikuwa hajawahi kuingia kanisani. Hakujua watu wanasimama wakati gani, kwa hiyo alisimama wakisimama, akakaa wakikaa. Nyimbo hakuzifuata. Aliangalia vifua tu. Kulikuwa na kanzu moja, ya kijana mmoja wa besi, ambapo mwale ulipinda kidogo. Aliuona kutoka mbali. Akajisemea ataufungua na kuurudia kabla hajaondoka.

Baadaye, uwanjani, watu wakila ndizi na nyama, mama mmoja wa kwaya ya parokia ingine akaja moja kwa moja kwa Houssein. Alikuwa na simu mkononi, imejaa picha.

"Mzee, wewe ndiye fundi? Hiyo mashini yako ni ya ajabu. Inaweza kutufanyia hii?"

Houssein alifungua mdomo. Zamani, hapo ndipo angeanza kuhadithia ordinateri. Akaufunga. Akaweka kiganja kwenye mgongo wa mke wake, akamsogeza mbele, taratibu, kama mtu anasogeza kiti cha heshima.

"Mi nakata vitambaa tu," akasema. "Fundi ni huyu."

Yule mama akamgeukia Salima, akanyoosha simu. Salima hakuiangalia.

"Acha picha za watu," akasema. "Niambie nyinyi mnaitwa kwaya gani. Nitawachorea yenu."